Wino Mwekundu Juu ya Kipemba

Mkulima wa Konde hasemi "udongo" akanyamaza. Anasema kinamo, au kinongo, au kichanga, au uwanda, au maweni, na akishasema hivyo amekwisha kukwambia upande nini na utarajie nini mvua ikichelewa. Kinamo ni udongo wa mabondeni, mzito, unaonata mguuni na kushika maji, na hapo hakuna mjadala, ni mpunga. Kinongo ni mwekundu na una rutuba. Kichanga ni mwepesi, jembe halichoki ndani yake, na minazi na mihogo huupenda. Uwanda ni tambarare yenye udongo haba juu ya jiwe la matumbawe, ng'ombe hulishwa hapo. Maweni ni mawe yenyewe, na mwenye subira huchokoa mwanya mmoja baada ya mwengine akatia mbegu ya mtama, uwele au choroko. Konde, katika Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba, imekaa mahali ambapo ardhi hizi hupokezana haraka. Ukishika njia ya Makangale unaingia msitu wa Ngezi, hekta 1,440 za mivule na mitondoo na mipapindi. Ukielekea mashariki, upande wa Micheweni, mawe yanaanza kutoka juu na miti inakuwa mifupi.

Mwaka 1955 wataalamu watatu, Calton, Tidbury na Walker, walichapisha uchunguzi wao wa udongo wa Unguja na Pemba. Walikuwa na maabara na vipimo vyao, lakini walipofika kwenye kuupanga udongo kwa aina hawakuyatupa majina ya wakulima. Waliona kwamba mpaka ambao mkulima ameuweka kwa jembe na mguu wake ndio mpaka unaofaa, na kinongo na kinamo na uwanda yakaingia katika maandishi ya kilimo kama istilahi. Afisa wa kilimo aliyesomea mbali hulazimika kuyajifunza maneno hayo akija visiwani.

Nimeanza na udongo kwa makusudi. Nataka msomaji aone kwamba neno la shamba linaweza kupewa heshima ya kitaalamu bila kubadilishwa herufi hata moja, na kwamba waliolipa heshima hiyo walikuwa wageni. Sasa tutazame jinsi wenyewe tunavyoyafanyia maneno yetu mengine.

Yapo yanayolindwa na mizani. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki kuwa kisiwa cha karafuu, na tangu hapo kila nyumba ya shamba ina msamiati wa kazi hiyo. Mtoto wa Konde anajua makonyo kabla ya kujua kusoma, kwa sababu wakati wa msimu anakaa chini na mama zake kuchambua, karafuu huku na makonyo kule. Anajua mpeta pia, karafuu iliyokosa jua na kuharibika, ambayo haipati bei ya karafuu safi. Hakuna mwalimu anayemrekebisha mtu aliyesema mpeta. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar linanunua karafuu kwa daraja, na daraja lina jina, na jina lina shilingi ndani yake. Neno lenye shilingi ndani yake halihitaji mtetezi.

Yapo yanayolindwa na bahari. Wavuvi wa Pemba, na watu wa Kojani kabla ya wengine wote, wana neno dago. Kwenda dago ni kutoka kwenu na chombo, nyavu, unga na sufuria, mkafuata samaki na upepo, mkapiga kambi ufukweni kwa watu au katika kisiwa kisichokaliwa, mkavua, mkakausha, mkauza, mkarejea. Neno hili limetembea na watu wenyewe. Miaka mingi ya dago, pamoja na ndoa na siasa na shida za nyumbani, iliwaweka Wapemba wengi katika pwani ya Kenya, katika kaunti za Kwale na Kilifi, na wajukuu wao wakazaliwa huko bila kitambulisho cha nchi yoyote. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa jamii mojawapo ya nchi ile, na mwezi wa Julai mwaka huo Rais William Ruto akaenda Kilifi katika sherehe ya kuwapa hati zao watu wapatao 7,000.

Nililipokea jambo hilo kwa furaha, na kwa mawazo pia. Ng'ambo ya mlango wa bahari, Mpemba amesimama mbele ya dola akasema mimi ni Mpemba, wazee wangu walitoka kule, ninavyosema ndivyo wanavyosema wao, na dola ikaandika. Na huku kisiwani, mtoto wa Mpemba huyo huyo angefundishwa kwamba wanavyosema wazee wake ni makosa.

Kwa sababu maneno ya nyumbani hayana afisa wala mizani. Hayana istilahi wala daraja la bei. Ni maneno ya kuzaa na kulea, ya kuitana na kuulizana, ya mtu kumwambia mwenzake jambo dogo uani. Yanalindwa na kinywa cha mama tu, na mama akiona haya hayana pa kwenda.

Chukua kauli moja ambayo mtu mzima wa Konde anaweza kuisema asubuhi yoyote: kijana yuno kenda chuoni. Mtu wa Dodoma au Nairobi akiisikia atajenga picha ya barobaro aliyekwenda kusoma shahada. Msemaji anazungumzia mtoto wa miaka mitano aliyekwenda kusoma Kurani kwa mwalimu wa mtaani. Kijana kwetu ni mtoto mdogo. Chuo ni mahali pa kusomea Kurani, na kilikuwa hivyo kabla vyuo vikuu havijajengwa pande hizi. Yuno ni huyu, na ndugu zake ni kino na vino na hino. Ka ya kenda ndiyo inayobeba mtu wa tatu aliyekwisha kufanya jambo: kaja, kalala, kafika. Katika maneno manne hakuna hata moja lililokosewa. Yote yana kanuni, na kanuni hizo zinashikwa na watu wote wa kijiji bila kuandikiwa. Mtoto akiiandika sentensi hiyo katika daftari la insha, itarudi na wino mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Au chukua kuvyaa. Nataka nikae hapa kidogo.

Kuvyaa ni kuzaa. Mwanamke kavyaa, mwana kavyaliwa. Wako wanaolisikia neno hili na kulidhania kuwa ni ulimi mzito wa shamba, kama kwamba msemaji alikusudia kusema zaa akashindwa. Lakini mtu huyo huyo anayelicheka, siku ya harusi ya mwanawe atamtaja mavyaa na bavyaa bila kucheka, na maneno hayo yamo katika kamusi za Kiswahili tangu zamani. Mavyaa ni mama aliyemvyaa mwenzako wa ndoa. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya neno muda wote. Mtu asiyejua kuvyaa anamwita mavyaa na haoni kwamba kila anapomwita anamkumbusha uzazi wake, kwamba yule mtu unayelala naye ana aliyemtia duniani, na kwamba heshima yote ya ukwe imejengwa juu ya kitendo hicho.

Yuko mvyazi, ambaye ndiye mzazi. Na yuko mvyale, ambaye hajulikani tena na vijana wengi. Visiwani mwetu mvyale ni mtu wa ukoo wa wenyeji wa asili wa mahali, ambaye zamani hukukata pori jipya wala hukuchimba kisima bila kumwendea. Alikuwa na kazi zake za mizimu na matambiko, na wengi leo hawazitaki kwa sababu za dini, nami siwalaumu. Nasema juu ya neno. Ukilitazama mvyale pamoja na kuvyaa, unaona wazee wetu walivyoifikiria haki ya ardhi: waliiunganisha na kuzaliwa, wakamwona mwenyeji kama mtu aliyevyaliwa na mahali au aliyevyaa watu wa mahali. Ukikata kuvyaa, mavyaa na mvyale na mvyazi wanabaki kila mmoja peke yake, wageni wasiojuana, na mwanafunzi anakariri kila neno kwa shida yake.

Vivyo hivyo majina ya mahali. Karibu na Konde, katika wilaya hiyo hiyo, kuna Shumba Vyamboni. Wengine huandika Viamboni. Kiambo ni makaazi, nyumba zilizokaa pamoja za watu wanaohusiana, na ndani yake mna habari ya nani alimpa nani kiwanja cha kujengea na nani hawezi kumkataza nani. John Middleton, aliyeandika juu ya umiliki wa ardhi wa Zanzibar katika kitabu kilichotoka mwaka 1961, alilikuta kiambo likifanya kazi, na huko Pemba akakikuta na kitongo, ardhi ya ukoo yenye haki za warithi. Leo mtu anapanda gari, anapita kibao chenye jina Vyamboni, na jina halimwambii kitu. Upande wa pili, kandokando ya Ngezi, kuna Tondooni, kwenye mitondoo. Kuna Vumawimbi, ufukwe ulioitwa kwa mngurumo wake. Jina Konde lenyewe ni neno la Kiswahili la shamba lililokwisha kulimwa. Tunaishi ndani ya maneno yanayosema wazi, na kizazi kinachokuja kinakua bila kuyasikia.

Ilikuwaje? Historia yake inajulikana na haina haja ya kurefushwa. Mwaka 1928 wakuu wa elimu wa makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakakubaliana kuwa Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kilikuwa na watetezi wake na ushairi wake, kikashindwa. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kusimamia vitabu, na mwaka 1939 likatoka kamusi kubwa lililohusishwa na jina la Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati hiyo. Kipemba hakikushindwa mjadala wowote, kwa sababu hakikuitwa mezani.

Sitaki nieleweke vibaya. Kiswahili sanifu ni kitu kikubwa. Kimempa mtoto wa Konde njia ya kusoma kitabu kilichoandikwa Kigoma na kuandikiana barua na mtu wa Bukavu. Pasingekuwa nacho, mimi nisingeandika makala haya wala msomaji wa Mwanza asingeyafahamu. Kosa halimo katika kuchagua sura moja ya lugha kwa ajili ya vitabu. Kosa limo katika hatua ya pili, ambayo hakuna mkutano uliowahi kuipitisha: kuichukua sura hiyo iliyochaguliwa kwa sababu za uchapishaji na utawala, kisha kuifanya kuwa kipimo cha akili ya mtu. Mzee wa Konde anayejua aina tano za udongo, majira ya bamvua na ya maji mafu, na ukoo wake hadi babu wa saba, anaingia katika ofisi mjini, anafungua mdomo, anasema "kaja" na "yuno", na kijana wa nyuma ya meza anatabasamu. Tabasamu hilo limeua maneno mengi kuliko amri yoyote ya serikali.

Ndiyo maana nimevutika na habari za Waomaha na Waponca wa Marekani, watu wa bonde la mto Missouri, wenye lugha moja wanayoisema kwa namna mbili. Katika lugha hiyo hutaji kitu bila kueleza kimekaaje. Kuna vineno vinavyofuata jina, na vinatofautiana kwa kitu kilichosimama, kilicholala, cha mviringo au kilichotawanyika huku na huku. Mwaka 1877 Waponca walihamishwa kwa nguvu kutoka nchi yao wakapelekwa kusini, katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma. Watoto wa Wahindi Wekundu wa makabila mengi walitiwa katika shule za bweni ambazo ndani yake lugha ya nyumbani ilikuwa kosa la kuadhibiwa. Wanaoisema lugha hii tangu utotoni leo wamebaki wachache mno, ingawa katika Chuo Kikuu cha Nebraska imefundishwa darasani na kutungiwa kamusi la kidijitali.

Wapemba si wachache. Tuko zaidi ya nusu milioni kisiwani peke yake, mbali na walioko Unguja, Dar es Salaam, Tanga, pwani ya Kenya, Oman na Uingereza. Hakuna aliyetuhamisha kwa bunduki wala aliyemchapa mtoto kwa kusema Kipemba ili asahau kabila lake. Tofauti hiyo ni kubwa na lazima isemwe. Lakini lugha ya Waomaha ilinyamazishwa na lugha ngeni kabisa, na mtu aliyenyamazishwa na mgeni anajua kwamba amenyang'anywa. Kipemba kinanyamazishwa na ndugu yake wa tumbo moja, anayefanana naye kwa maneno tisa katika kumi, na kwa hiyo mwenye kunyang'anywa anadhani amesaidiwa. Anashukuru. Anamrekebisha na mwanawe.

Jambo jengine katika habari ya Waomaha ndilo lililonishika zaidi. James Owen Dorsey, shemasi wa kanisa aliyefika kwa Waponca mwaka 1871, aliandika hadithi, barua na maneno yao kwa miaka mingi, na kitabu chake kikubwa kilichapwa na serikali ya Marekani mwaka 1890. Ndani yake hakuandika "wenyeji husema". Aliandika jina la msimulizi. Na katika kitabu chake cha mwaka 1884 juu ya mpangilio wa jamii ya Waomaha, alikuwa na tabia ambayo ilikuja kuwa maarufu: akishaeleza desturi au ukoo kama alivyoambiwa, huongeza kwamba Two Crows anakataa. Two Crows alikuwa mzee wa Kiomaha, mmoja wa watu aliowategemea, na Dorsey hakumfuta yule wa kwanza wala hakumfuta Two Crows. Mwaka 1938 mwanaisimu Edward Sapir aliyarudia maneno hayo katika makala, akauliza itakuwaje mtu mmoja aikatae desturi ya watu wake, na hoja yake ilikuwa kwamba Two Crows alikuwa na haki ya kusikilizwa, kwa kuwa mila ya watu imo katika vichwa vya watu, na vichwa havilingani.

Nilipokutana na habari hiyo nilifikiria kamusi zetu. Kipemba hakikukosa waandishi kabisa. Padri Charles Sacleux, katika kamusi lake la Kiswahili na Kifaransa la mwaka 1939, alijali kuonyesha neno ni la lahaja gani. Wilfred Whiteley alichapisha mwaka 1958 kitabu kidogo juu ya lahaja na ushairi wa Pemba, na alifahamu kuwa kisiwa chenyewe hakisemi kwa namna moja. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limetoa kamusi ya lahaja ya Kipemba pamoja na za lahaja nyengine za visiwani, na kazi hiyo inastahili kushukuriwa kuliko ilivyoshukuriwa. Mtu anayetaka kujua neno ana pa kuanzia.

Ila kamusi hupenda kauli moja. Neno, nukta mbili, maana. Na Kipemba cha kweli kimejaa Two Crows. Mtu wa Konde akikwambia neno fulani lina maana hii, mtu wa Kojani atasema kwao sivyo, na wa Mkoani atasema hajapata kulisikia, na bibi wa Makangale atakuja na maana ya tatu iliyo ya zamani kuliko zote. Ubishi huo ndio uhai wa lugha. Kwenye baraza, baada ya sala ya alasiri, wazee wanaweza kubishana juu ya neno moja hadi magharibi, na kila mmoja akaleta ushahidi wake: babu alisema hivi, kwenye harusi ya fulani liliimbwa hivi, baharini tunaliita hivi. Anayesikiliza anajifunza neno pamoja na mahali pake, watu wake na kazi yake. Ubishi unapokoma, na kila mtu akasema "sijui, tazama kamusi", basi neno limebaki kwenye karatasi tu.

Yuko mtu atakayesema kuwa haya ni mapenzi ya kwetu, na kwamba fasihi na elimu hazijengwi kwa lugha ya kijiji. Naye namkumbusha Kamange na Sarahani. Watu hawa wawili, Ali bin Said Jahadhmy aliyejulikana kwa Kamange, na Sarahani bin Matwar, walitunga Pemba kati ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakajibizana kwa ushairi, na tungo zao zilihifadhiwa vifuani na katika hati kabla ya kuchapwa. Mwaka 2011 Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alitoa kitabu cha tungo zao kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy. Mtu wa Mombasa alijua thamani yake. Na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa *Utengano* na *Babu Alipofufuka*, ambaye wanafunzi wa Kenya na Tanzania wamemsoma darasani kwa miongo kadhaa, alizaliwa Pemba mwaka 1947. Wanaomsifu kwa utajiri wa msamiati wake wajiulize aliupatia wapi kwanza. Kiswahili sanifu kimekula kutoka chungu hiki miaka mingi, na bado kinaona haya kukaa nacho jamvi moja.

Kwa hiyo nina la kuwaomba watu watatu.

Mwalimu wa Konde, na wa Wingwi, na wa Tumbe: mtoto akiandika kavyaa, usimpigie mstari. Mwandikie pembeni amezaa, umwambie kuwa hili ni la kitabuni na lile ni la kwao, na kwamba mtihani unataka la kitabuni. Atayashika yote mawili. Watoto wa visiwani wanashika Kiarabu cha Kurani, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha vitabu kwa wakati mmoja; hawatashindwa na neno la bibi yao. Na siku ukifundisha mavyaa, mpe kuvyaa. Somo litakuwa rahisi.

Mama na baba: mkirejea kutoka Dar es Salaam au Maskati, msiwaambie watoto wasiseme kama watu wa shamba. Waacheni wakae na bibi zao.

Na wewe kijana, sasa nasema kijana kwa maana ya bara, mwenye simu inayorekodi sauti. Mwendee bibi, mpe shikamoo yake, kaa chini. Usimwulize orodha ya maneno, maana hakuna mtu anayeishi ndani ya orodha. Mwulize alivyovyaa mwanawe wa kwanza na nani alikuwepo, mwulize shamba la bondeni lilikuwa la nani, karafuu zilianikwa wapi, wanaume walipokwenda dago nani alibaki na nini. Mwache aseme. Ukirudi nyumbani andika neno, andika sentensi nzima aliyolisemea, andika kijiji chake na takriban miaka yake, na kama mwenyewe amekubali, jina lake. Kisha nenda kijiji cha pili ukawaulize. Wakikataa, usifute ulichoandika. Andika chini yake: mtu wa Kojani anakataa. Peleka BAKIZA, na peleka nakala Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na moja ibaki Konde.